Kiti cha Somo

Subira wa Mahege alikuwa na wivu, na hakuna haja ya kuuremba. Yeye mwenyewe aliuita uchungu, akasingizia presha, akasingizia usingizi mbaya. Ulikuwa wivu mtupu, na ulimkaa kooni wiki tatu kama mwiba wa samaki.

Miaka kumi nyuma, Warda, binti wa jirani yake Mwanaharusi, alipovunja ungo, Subira ndiye aliyekabidhiwa kuwa somo wake. Alimfunda, akamwogesha, akamfundisha ya kusema na ya kunyamaza. Na kwa kawaida ya kwao, siku ya harusi somo ndiye mwenye siku: humtoa mwali ndani akiwa amemfunika kanga, kisha hukaa ubavuni pake mpaka watu watawanyike. Subira alishawatoa wanawali saba. Warda alikuwa wa nane, na huyu alimpenda kupita wote, kwa sababu yeye Mungu hakumjaalia mtoto wa kike.

Ndipo akaja Zuhra.

Zuhra alikuwa mpambaji wa harusi kutoka Kibiti mjini, msichana wa miaka ishirini na kitu, kucha hizo, simu hiyo. Warda alitaka sherehe ya nje, chini ya mikorosho ya Badru, shamba lililopakana na la Subira. Hakuna turubai: vitambaa vyeupe vining'inie matawini, picha zitoke vizuri. Kikao cha mipango kilikaliwa uani kwa Mwanaharusi. Subira alikwenda na doti mpya, kila kitu ameshakitunga kichwani, lakini kila alipofungua mdomo alikuta Zuhra ameshaandika.

"Na mwali nani atamtoa?" akauliza mwishowe.

"Wewe bibi usijisumbue," Zuhra akamjibu kwa tabasamu. "Siku hiyo kazi yako ni kukaa tu. Nimeshakupangia."

Bibi! Mtu hajafika hata hamsini. Subira akamgeukia Warda ili amtetee, akamkuta amezama kwenye simu ya Zuhra, wanachekea picha, vichwa vimegusana. Hapo ndipo alipochomeka kwelikweli. Kicheko kile kilikuwa chake yeye, leo anapewa mtu aliyeonekana juzi.

Mwanaharusi, ambaye kwao ni visiwani huko kwenye mikoko na mambo ya korosho aliyakuta ukweni, alikuwa na wasiwasi mmoja. "Mwezi huu si wa kupiga salfa?"

Alikuwa na haki ya kuogopa. Salfa ni unga unaopuliziwa mikorosho ikitoa maua, alfajiri, umande ungali kwenye majani ili ushike. Jua likishakausha umande, upepo mdogo tu unaumwaga, na ukikuingia machoni utalia hata kama hujafiwa. Lakini Badru alishapigiwa simu huko Dar es Salaam, akasema kibarua wake angepiga Jumatatu, siku tano kabla ya harusi, na mpaka Jumamosi unga ungekuwa umeshapukutika. Wakaridhika.

Ijumaa asubuhi Subira anafagia, akamwona kibarua mwenyewe, Twalibu, mtu wa Nyamwage, amesimama uani na mashine yake mgongoni.

"Shikamoo mama. Hii mashine ilinifia Jumatatu, imepona leo. Kesho alfajiri nakwenda kupiga kwa Badru. Hakuna shughuli jirani?"

Swali jepesi, na jibu lake lilikuwa jepesi. Subira alilishika ulimini kabisa. Kisha akaziona zile kucha, akawaona wale wawili na vicheko vyao.

"Piga tu, mwanangu," akasema. "Usije ukaharibu korosho za watu."

Akaendelea kufagia, na nitasema kweli, alifagia kwa raha.

Jumamosi hakwenda. Mwezi huo Mahege nzima hunuka salfa, kwa hiyo waliokuja kufunga vitambaa hawakushtuka. Alasiri Subira alikuwa kajilaza akisikiliza ngoma kwa mbali, mara mlango ukagongwa. Alikuwa Zuhra, anahema, viatu mkononi.

"Mama, twende! Warda kagoma kutoka ndani. Anasema mtu wa kumtoa ni mmoja tu duniani."

Subira akaenda. Akamfunika Warda kanga, akamtoa, vigelegele vikapasuka. Chini ya mikorosho palikuwa na viti viwili vya maharusi, na ubavuni pa kiti cha Warda kulikuwa na cha tatu, kimevishwa kitambaa cheupe, kimetariziwa kwa uzi wa kijani: SOMO.

"Si nilikwambia nimeshakupangia?" Zuhra akamnong'oneza. "Tulianza na hicho kabla ya viti vyao. Ndivyo Warda alivyotaka."

Subira akatazama juu. Majani yalikuwa na vumbi la manjano la salfa. Angeweza kusema wakati ule, watu wahame na sahani zao, lakini kiti kilikuwa kitamu, naye alikuwa amekililia wiki tatu. Akakaa, akaomba upepo usije.

Ukaja, kutoka upande wa mtoni. Salfa ikamwagika juu ya pilau, juu ya shehe, juu ya wanawake na wanja wao. Watu wakakohoa, wakafikicha macho, wakagombania ndoo za maji. Subira akamvuta Warda kifuani, akamfunika ile kanga kichwa kizima.

"Ahsante, somo," Warda akasema kutoka ndani ya kanga. "Bora weye upo."

Mwanaharusi alikuwa ameshamshukia Zuhra. "Weye ndo mpambaji, hukutazama juu? Umeniaibisha mbele za watu!" Zuhra analia.

"Mwacheni mtoto wa watu," Subira akasema, na sauti yake aliisikia kama ya mwingine. "Twalibu aliniuliza jana. Miye ndiye niliyemwambia apige."

Hakuna aliyemtukana. Warda alijifunua ile kanga, unga ungali unamwagika, akaikung'uta, akaikunja mara nne kama alivyofundishwa. Akasubiri mpaka Subira aliposimama, akaiweka juu ya kile kiti cha SOMO, asikikalie tena.