Kaa Lililoanguka Kibanjani

Harufu ya majani makavu ya migomba yakiungua hunifanya mpaka leo niitazame mikono yangu. Kwetu Kamuli kiangazi hukausha kila kitu, hata matandazo ya nyasi tunayotandika chini ya migomba kibanjani, shamba linalozunguka nyumba, hulia ukiyakanyaga. Mwaka ule nilikuwa na miaka tisa. Moto ukizimika jikoni, mtoto alitumwa kuomba kaa kwa jirani, akalibeba ndani ya majani makavu ya mgomba yaliyosokotwa, na amri ilikuwa moja tu: usikimbie. Mchana mmoja mama alinituma kwa bibi. Nilikuwa nimewaacha wenzangu kwenye mchezo wa rede, zamu yangu imekaribia, na ubishi nilikuwa nao tele. Nilikimbia. Nilikatiza nyuma ya nyumba ya Mzee Karoli, na nilipofika jikoni na kulifungua furushi, kaa halikuwemo. Mama alikuwa bado ananigombeza tuliposikia yowe.

Nyumba ya nyasi ya Mzee Karoli iliteketea yote, pamoja na kahawa yake ya msimu mzima. Hakufa mtu, lakini mzee alikaa chini mbele ya majivu. Watu walianza kumtafuta aliyewasha moto, na hawakutafuta mbali. Nestori, kibarua ambaye wazazi wake walitoka Burundi, alikuwa amegombana na Karoli juzi yake kwa ajili ya mbuzi, akamwambia mbele ya watu, "Iko siku utalia, Karoli." Mdomo uliponza kichwa. Lisemwalo lipo, wakasema, na kufikia jioni hakuna aliyekuwa na shaka.

Mwenyekiti wa kitongoji alitukusanya akatueleza kwamba kuchoma nyumba ya mtu kwa makusudi ni kosa linaloweza kumpatia mtu kifungo cha maisha. Mimi nilisikia neno maisha tu, neno makusudi lilinipita. Mama, ambaye nilikwisha kumwambia kila kitu, alinishika bega mpaka likauma. Tulipofika jikoni alinong'ona, "Ukisema, watakuchukua wewe." Bibi, aliyenipa kaa lile, naye hakumwambia mtu. Polisi walipomchukua Nestori, mkewe, Mama Deo, alilifuata gari kwa miguu mpaka njia panda, mtoto mgongoni.

Wiki iliyofuata Mama Deo alikuja kwetu kuomba moto. Mama aliniamuru nimpe. Nilimchagulia kaa kubwa, nikalifunga vizuri kuliko nilivyowahi kufunga. Alinishukuru, akaniita mwanangu, akaondoka polepole. Nestori alihukumiwa, na alifia gerezani kabla sijamaliza sekondari.

Siku hizi Kamuli ni mabati karibu kila nyumba, kiberiti kipo kila duka, na wengine wana mitungi ya gesi. Hakuna mtoto anayetumwa kuomba kaa. Mimi ni mwalimu wa uraia. Mwaka jana, nikiandaa somo la sheria, nilisoma kwamba bila makusudi kosa lile halisimami, na kwamba mtoto aliye chini ya miaka kumi hawezi kushtakiwa kwa kosa la jinai. Nilisoma mara tatu. Nilimkasirikia mama, ambaye sasa hayupo, kisha nikajikasirikia mimi, maana nilikuwa na miaka mingi ya kuuliza na sikuuliza.

Nilikwenda kwa Mama Deo. Nilimkuta uani akimenya ndizi. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akanisogezea kigoda. Nilimweleza yote: bibi, rede, furushi tupu. Kisu kikasimama.

"Ulikuwa na miaka mingapi?"

"Tisa, mama."

Aliiweka chini ndizi aliyokuwa akiimenya. Yeye hajasoma sheria, wala hakuhitaji nimsomee.

"Basi, ungesema, ungelala kwenu siku ileile," alisema. "Na Nestori angelala kwake."