Mwalimu wa kwaya anayewafuata Popo hadi Buffalo

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, Esperance Nyirabeza analiinua boksi, analitikisa karibu na sikio, kisha analiweka mezani bila kulifungua.

"Humu hamuna mashine ya kahawa," anasema.

Karatasi iliyobandikwa juu inasema ni mashine ya kahawa, imerudishwa na mteja, haijatumika. Esperance anachana utepe. Ndani mna matofali mawili, yameviringishwa kwa taulo la jikoni.

"Mutu wa kweli anafunga ovyo ovyo," anaeleza. "Mwizi njo anafunga muzuri."

Hiyo ndiyo kazi yake katika ghala moja la Okolona, kusini mwa Louisville, Marekani: kufungua mizigo iliyorudishwa na kuhakikisha kilichomo ndicho kilichoandikwa. Analipwa dola kumi na moja na nusu kwa saa ili asimwamini mtu. Wapo wanaoifanya kazi hiyo bure, mitaani na makanisani, na hao ndio waliomtia mashakani mwaka huu wa 2015.

Esperance ana miaka 49. Ni mjane, mama wa binti mmoja aitwaye Gloire. Kwa miaka mitatu amekuwa mwalimu wa kwaya katika kanisa dogo la Beechmont ambako ibada huendeshwa kwa Kiswahili. Mwishoni mwa Juni wazee wa kanisa walimwita, wakamwambia aiache kwaya mpaka wamchunguze. Kosa lake lilikuwa mpira.

Si mpira wa miguu, ambao ungesamehewa hata siku ya Pasaka. Ni besiboli, ule wa mtu mmoja kurusha na mwingine kusubiri na gongo. Esperance ni shabiki wa kufa wa timu ya jiji la Louisville iitwayo Bats, yaani Popo. Anakwenda uwanjani kila Popo wanapocheza nyumbani na zamu yake imekwisha. Mara chache kwa mwaka anawafuata ugenini, Columbus na hata Buffalo, akiwa amevaa kofia yenye picha ya popo aliyekunjua mbawa.

Mjane. Safari za peke yake. Popo kichwani. Kwa watu wa kwao, huo ni ushahidi tosha wa uchawi, kesi inabaki kupangiwa siku tu.

Kabla ya kuwacheka wazee hao, ni vizuri kujua kwamba mwenyewe hawacheki. Alizaliwa milimani juu ya Uvira, mashariki mwa Kongo. Vita vilimtoa huko mwaka 2004, akaishi miaka minane kambini Burundi, ambako mume wake alifariki kwa homa. Kambini walipimiwa unga kwa mizani, na mpimaji alikuwa na dole gumba zito.

"Alikuwa anaweka kidole pale, mara moja, kama anafukuza nzi," anakumbuka. "Kilo nzima inaenda. Mimi nikajifunza kusimama upande wa kidole. Donc, mimi sikuzaliwa na mashaka. Nilipimiwa."

Alifika Louisville Februari 2012. Miezi mitano baadaye kiongozi wa zamu aligawa tiketi za bure za mchezo wa Popo. Esperance aliigeuza tiketi yake mara tatu kutafuta ni wapi atakapotozwa. Hakupaona, basi akaenda, akaketi pembeni ya Gitonga, Mkenya wanayefanya naye kazi, aliyekuja Marekani kusoma uhasibu.

Katika awamu ya nne, mchezaji mmoja aliyekuwa amesimama kituo cha kwanza alisubiri mrushaji ageuke, akachomoka mbio kwenda kituo cha pili, akajitupa kifudifudi na kukigusa. Uwanja ukalipuka kwa makofi. Esperance alisimama juu ya kiti.

"Mwizi!" alipiga kelele. "Mukamate! Hakuna mutu amemuita!"

"Mama Gloire, kaa chini," Gitonga alimsihi huku akijificha uso. "Anaruhusiwa. Hiyo inaitwa kuiba kituo."

"Nani amemuruhusu?"

"Sheria."

"Sheria inaruhusu kuiba?"

"Ukiweza."

Esperance aliketi polepole. "Nikasema, kumbe! Nchi zote nilizopita watu wanaiba, halafu wanakuapia Biblia. Hawa wanaiba mchana, na refa anaangalia. Huu mchezo ni wa watu wa kweli."

Tangu siku hiyo hajabanduka. Anampenda mdakaji anayemwonyesha mrushaji ishara za vidole, akizificha katikati ya mapaja ili adui asizione. Anampenda mrushaji anayegeuka ghafla kumkagua mwizi nyuma yake. Waamuzi hawapendi kabisa.

"Huyu mama hana mchezo," anasema Gitonga. "Mimi humwambia ni game tu. Lakini refa akicheka, yeye anauliza anacheka nini."

Ubao wa matokeo nao hauamini. Ndiyo maana ana daftari. Mashabiki wa zamani wa besiboli wana desturi ya kuandika kila tukio kwa alama: kila mchezaji wa ulinzi ana namba yake, moja hadi tisa, na mpigaji aliyekosa mipira mitatu huandikiwa K. Aliyetolewa akiwa amesimama tu, gongo begani, huandikiwa K iliyogeuzwa mgongo. Esperance alifundishwa hayo Columbus na mzee mmoja mstaafu wa posta, shabiki wa timu ya huko.

"Alinifundisha, nikamushukuru. Halafu nikahakiki daftari yake," anasema. "Alikuwa amekosea mara mbili. Zote kwa faida ya timu yake."

Mei mwaka huu, mshirika mmoja wa kanisa aliyekwenda Columbus kumtembelea ndugu alimwona Esperance jukwaani, kichwa chake na cha yule mzee vimeinamia daftari moja. Habari ilifika Beechmont kabla ya basi lake.

Wazee walilitaka daftari. Waliona 6-4-3. Waliona K, K, na K iliyogeuzwa. Katibu wa kanisa, Protasi, mtu mwembamba anayefanya usafi katika hospitali moja ya mjini, aliigusa ile ya kugeuzwa kwa ncha ya kalamu, kana kwamba itamwuma.

"Mama Gloire," aliuliza, "herufi ya Mungu inageuzwa mgongo kwa nini?"

"Ni mutu amesimama bila kupiga, katibu."

"Amesimama wapi?"

Mambo yakazidi kuwa mabaya. Gloire naye aliulizwa kama mama yake ana mwanamume Columbus. Binti huyo, mwenye miaka kumi na mitano, alijibu kwa Kiingereza kwamba mama yake akiona mwanamume anamkagua kama boksi. Jibu hilo halikusaidia.

Kwa wiki sita kwaya iliimba bila mwalimu. Sauti ya tatu, anasema Esperance, ilianza kutembea peke yake kama mbuzi asiye na kamba. Alikuwa akikaa benchi la nyuma na kubana midomo. Alijua wangemrudisha siku hiyo hiyo kama angeichoma kofia na kulitupa daftari. Hakuvichoma wala kuvitupa.

"Ukikubali kosa ambalo hukufanya, kesho wanakuletea lingine," anasema. "Lakini kwaya ile ni nyumba yangu. Nilikuwa ninakosa usingizi."

Akawatolea wazee changamoto: Agosti Popo wanakwenda Buffalo; wamtume mtu afuatane naye aone kwa macho. Mchungaji Rudasingwa, mtu wa maneno machache, alimtuma Protasi. Protasi naye alinunua daftari.

Walisafiri zaidi ya saa kumi na mbili kwa basi, kila mmoja na daftari lake, kila mmoja akimtazama mwenzake kupitia kioo cha dirisha. Esperance alipokwenda msalani, Protasi aliandika. Protasi alipolala, Esperance aliandika kwamba amelala. Walifikia kwa binamu wa Esperance, Karaha, mfanyakazi wa kiwandani anayeishi Buffalo na mkewe na watoto watano. Mchezo ulikuwa Jumatano, saa saba mchana. Popo walipigwa, na Esperance anaamini mwamuzi wa kituo cha kwanza analo la kujibu mbele za Mungu.

Jumamosi iliyofuata wazee watano waliketi na Mchungaji. Esperance aliambiwa asome alichoandika, na Protasi alinganishe na chake.

"Awamu ya kwanza," Esperance alisoma. "Mpigaji wa kwanza amepiga chini, namba sita ameokota, amemutupia namba tatu. Amekufa."

"Amekufa?" mzee mmoja alishtuka.

"Ametolewa, muzee. Amekaa kwenye benchi, anakula mbegu za alizeti."

"Katibu, wewe uliandika nini hapo?" Mchungaji aliuliza.

Protasi alikohoa. "Mmoja amekimbia, amerudi, amekasirika."

Ikawa hivyo awamu baada ya awamu, na yote yalilingana. Hakuna mwanamume aliyeonekana. Wazee walianza kulegeza tai zao. Ilipofika awamu ya saba, Protasi alifunua kurasa mbili kwa mpigo.

"Hapo, Mchungaji, watu wote walisimama wakaimba. Uwanja mzima. Na huyu mama aligeuka, akawapa wachezaji mgongo, akainua mikono juu."

Chumba kilipoa. Popo, wimbo, mikono juu.

"Aliinulia nani?"

"Sikuona. Mimi nilijitenga. Sikutaka kuhesabiwa katikati ya watu wa ibada ile."

"Ulijitenga wapi?"

"Nyuma, Mchungaji. Nyuma kabisa."

Esperance aliomba aonyeshwe lile daftari. Protasi alisita, wazee wakamtazama, akalitoa. Esperance hakulisoma. Alirudi kwenye ukurasa uliorukwa, akaupeleka puani.

"Katibu, nani alitangaza mfungo wa kanisa?"

"Ni mimi."

"Siku gani?"

"Jumatatu mpaka Jumatano ya wiki hii. Mpaka jua kuzama."

"Bon. Hii njano ni nini?"

"Ni rangi ya kiti."

"Rangi ya kiti haina harufu ya siki. Hii ni haradali, katibu. Kule nyuma kabisa wanauza nini?"

Protasi alitazama dari, ambako hakukuwa na msaada. "Soseji," alisema. "Mchungaji, mimi niko mutu. Harufu ile ilikuja na upepo."

"Moja?" aliuliza Mchungaji.

"Mbili," alisema Protasi.

Wazee walikuwa wakihangaika na nyuso zao. Esperance alisubiri watulie, kisha akajibu la mikono.

"Awamu ya saba uwanja wote unaimba, ni desturi ya mpira, na wale watu walikuwa wanaimba vibaya," alisema. "Maelfu, kila mutu na mwendo wake. Wiki sita nilikuwa sijaongoza hata mutoto mumoja. Mikono ilipanda yenyewe. Nikawapigia mwendo, safu tatu zikanifuata. Hiyo njo ibada yangu. Sasa munihukumu."

Wazee walifunga mlango kwa saa nzima. Nje, mshitakiwa na shahidi wake walikaa benchi moja.

"Ulijua toka Buffalo?" Protasi aliuliza.

"Jioni ile ulikataa ugali wa Karaha. Ulisema umeshiba Neno."

"Kwa nini hukusema?"

"Nilitaka nione utaandika nini."

Mlango ulipofunguliwa, Esperance alikuwa amerudishiwa kwaya. Daftari ni lake. Kofia isivuke kizingiti cha kanisa. Protasi ameachiwa ukatibu, ila matangazo ya mfungo atayasoma mwingine mpaka Krismasi. Mwandishi wa gazeti hili alipompongeza mama huyo, alikunja uso.

"Saa moja tu? Kwa kesi ya wiki sita?" aliuliza. "Walirudisha haraka sana. Ninangoja nione nini inakuja nyuma."

Anapongoja hakai bure. Kodi ya nyumba ni dola 640 kwa mwezi, na sasa anachukua zamu za Jumamosi ili akusanye fedha za sare mpya za wanakwaya kumi na wanane. Amegundua kwamba kabla ya kila mchezo kikundi fulani cha jiji hualikwa kuimba wimbo wa taifa uwanjani, na ametuma maombi ya msimu ujao. Anataka kwaya ya Beechmont isimame pale Aprili, sauti ya tatu ikiwa imerudi zizini, na Gloire akiwa mstari wa mbele.

Ruhusa ya kanisa ndiyo iliyobaki. Jumapili iliyopita, baada ya ibada, alimfuata Mchungaji Rudasingwa mlangoni.

"Ni wimbo wa taifa, Mchungaji. Si wa popo."

"Ninaelewa. Na yule mutu mwenye kuvaa nguo ya popo, anayecheza kwa watoto. Atakuwa pale?"

"Atakuwa. Ni kazi yake, wanamulipa."

"Tukiimba, atasimama wapi?"

"Nyuma ya kwaya."

Mchungaji aliwaza huku akiwapa waumini mkono wa kwaheri, mmoja baada ya mwingine, mpaka wa mwisho.

"Hapana," alisema. "Asimame mbele. Tuone mikono yake."