Uyoga Usiotoa Vumbi

Siku yangu ya kwanza kazini nilifukuzwa chumbani kabla sijagusa kitu. Nilikuwa nimepiga chafya. Mkuu wa Maabara, bwana mrefu wa kutoka kule ziwani, alinionyesha mlango. "Bi. Kerubo, chafya yako ina uchafu kuliko zizi la ng'ombe. Toka, unawe, uanze upya." Nikajiuliza, kazi gani hii mtu hawezi hata kupumua?

Maabara ilikuwa Nyakoe, vyumba viwili nyuma ya duka la pembejeo, na tulitengeneza mbegu ya uyoga. Nyinyi vijana mkisikia mbegu mnafikiria mahindi. Wapi! Ilikuwa mtama uliochemshwa, ukavamiwa na utando mweupe, na huo utando ndio uyoga wenyewe. Kile mnachokula ni tunda lake tu. Chini ya kofia ya tunda hutoka vumbi laini, yaani spora, na kila spora imebeba nusu tu ya urithi. Utando unaoota kwenye spora moja lazima ukutane na mwingine unaopatana nao, ndipo uyoga utokee.

"Sasa baba ni yupi na mama ni yupi?" nilimwuliza Mkuu.

"Hakuna baba, hakuna mama. Kuna wanaopatana na wasiopatana, na namna za kupatana ni nyingi mno."

Nilirudi nyumbani kichwa kimevurugika. Haki ya Mungu, hapo mpaka leo sijapaelewa vizuri.

Baadaye nilihamishiwa Ekerenyo, chini ya Msimamizi wa Nyanjani, mtu wa haraka aliyeamua mambo kabla hujamaliza kuyasema. Huko nilimkuta Mama Moraa, mjane aliyekuza uyoga juu ya majani makavu ya migomba, katika nyumba ya udongo yenye giza. Uyoga ulimkubali, lakini vumbi lake lilimmaliza kifua. Alikohoa mpaka akashika ukuta. Daktari alimwambia aache kabisa.

"Niache nifanye nini?" aliniambia kwa ukali. "Majani chai walichukua shemeji zangu. Hii nyumba ndiyo shamba langu." Akafunga leso puani akaingia tena, na mimi nikabaki nje nikiona uchungu.

Asubuhi moja aliniita nione maajabu. Mifuko yote ilikuwa imemwaga vumbi sakafuni, ila mmoja. Ulikuwa na uyoga mnono, na chini yake pasafi kabisa. Nikalaza kofia moja juu ya karatasi nyeusi, nikaifunika bakuli mpaka kesho yake. Uyoga wa kawaida ungeacha alama ya vumbi. Huu haukuacha kitu. Nikabadilisha karatasi, nikajaribu tena, wapi.

Msimamizi hata hakukaa chini. "Huo ni mgonjwa. Mfuko uchomwe kabla haujaambukiza mingine."

Mimi sikujua nimwamini nani, yeye au macho yangu. Nikampigia Mkuu simu kule Nyakoe.

"Si mgonjwa," alisema, sauti imepanda. "Urithi wake umebadilika, hauwezi kutoa spora. Huo hautapata mtoto kamwe."

"Basi tumeukosa?"

"Bi. Kerubo, wewe si Mkisii? Ndizi mnapanda mbegu?"

"Tunang'oa chipukizi."

"Haya. Kata nyama ya ndani ya uyoga mbichi, uniletee. Utakaoota hautakuwa mtoto wake. Utakuwa ni ule ule."

Nikapanda bodaboda mbio. Nilipofika kwa Mama Moraa, jivu la mfuko lilikuwa bado linafuka nyuma ya nyumba. Msimamizi alikuwa amepita. Na Mama Moraa alikuwa jikoni, anatabasamu.

"Usijali, daktari," akasema, maana afisa yeyote wa kilimo kwake alikuwa daktari. "Nilichuma wote kabla hajachoma. Nimechagua mikubwa, nimeiweka mbegu."

Nikainua macho. Ilikuwa imetungwa kwenye kamba juu ya moto, moshini, pale pale tunapotundika mahindi bora ya kupanda. Ilikuwa imekauka kau! Nyama iliyokauka hivyo haioti tena.

"Mama, hakuna mbichi uliobaki? Hata mmoja?"

"Kuna hako kadogo kwenye ungo, nilikatupilia kuku. Lakini mbegu gani itatoka kwa kitu kama hicho?"

Nikakadaka mbele ya mdomo wa kuku. Kule Nyakoe, Mkuu alikachana kando ya taa ya spiriti, akatoa kipande cha ndani kisichoguswa na hewa, akakilaza kwenye sahani ya jeli ya kuoteshea. Kutoka kwa kale kadogo yakatoka matunda makubwa kama yale ya kwanza, na sakafu ya Mama Moraa ikawa safi. Mimi nilishangaa kuliko yeye. Udogo haukurithiwa, kukosa vumbi kulirithiwa. Nenda ukaelewe.

Nilistaafu bila kuelewa na lingine. Ule ule umehamishwa sahani hadi sahani miaka yote hii, na sasa unachelewa, unazaa kidogo. Kama ni ule ule, mbona unachoka? Vijana wa maabara siku hizi wananieleza kwa simu, mimi naitikia tu.

Mvua zilizopita nilikwenda kumwona Mama Moraa. Alinivuta ndani ya nyumba ya uyoga, akafunga mlango, akanigombeza. Mbegu gani hii tunampelekea, mifuko mitatu haifanyi kazi ya mmoja, majani ya migomba anayabeba mwenyewe mgongoni, na sisi watu wa maabara tumelala, hata aibu hatuna! Aligomba, akarudi mwanzo, akagomba upya. Ndipo nikatambua kwamba leso hakuwa nayo, na katika maneno yote yale hakukohoa hata mara moja.