Mama Zambarau Arudi Darasani

Wenzake kazini walimwita Mama Zambarau, na jina hilo hakulipata bure. Enzi zake, chumba cha ngozi pale hospitalini kilikuwa na dawa moja iliyotamba, ile ya rangi ya zambarau. Uje na kidonda, uje na mapunye, uje na ukurutu, utapakwa hiyo hiyo! Watoto walitoka pale wamechorwa usoni, na yeye alirudi nyumbani vidole vimekolea, mumewe akimtania, "Mikono hiyo ndiyo itanipikia?" Siku tamu zile, jamani.

Sasa kabakiza miaka michache astaafu, anaambiwa akasome. Wauguzi wote wa ngozi lazima wapite mafunzo mapya, na atakayeanguka anapelekwa masjala kupanga mafaili. Mafaili! Yeye aliyezoea kubeba watoto wa watu!

Akaenda, akabanana na vijana darasani. Mkufunzi akasema ile ya zambarau haipakwi tena kwenye ukurutu, kwani inachoma na kukausha. Ngozi ile inataka mafuta, tena mengi. Moyo ulimuuma, nisiwafiche.

"Kumbe miaka yote nilikuwa nawakausha?" akamnong'oneza kijana aliyekaa jirani yake.

"Bibi, si ndiyo iliyokuwepo?"

Siku ya mtihani akaletewa mtoto mwenye ukurutu, kapakatwa na mama yake. Mtahini kasimama pembeni, kalamu mkononi. Mama Zambarau akanawa, akapaka mafuta taratibu, akifuata vinyweleo vinakolalia. Hapo hakukosea kitu. Mara yule mama akauliza, "Na ya zambarau je? Nimekufuata wewe kwa ajili hiyo. Mimi mwenyewe ulinipaka utotoni."

Lo! Mtahini akatega sikio. Kumweleza mgonjwa nako kulikuwa na alama zake, na Mama Zambarau alitamani mno kusema ndiyo.

"Tumeiacha, mwanangu," akasema. "Ilikuwa inachoma. Hukumbuki ulivyokuwa ukilia?"

"Kulia sikumbuki," yule mama akajibu. "Nakumbuka ulikuwa unanipulizia mpaka napata usingizi."

Alifaulu, ila matokeo aliyasikia kesho yake. Siku ile alikaa kwenye kiti cha wagonjwa akalia, mtahini akimtazama, wala hakuona haya.