Githeri ya Kunikaribisha

Mtu akiniambia "sisi hapa ni timu," mpaka leo damu hunichemka.

Niliyasikia maneno hayo siku yangu ya kwanza kazini, kwenye kituo cha utafiti wa mbegu kule Ruiru. Mkuu wetu alinizungusha ofisi isiyo na milango. "Hapa hakuna cha mtu," akasema. "Meza ni zetu, data ni yetu, hata majani chai ni yetu." Nikacheka. Nilikuwa nimesota mwaka mzima nikiandika barua za kazi katika chumba changu cha kupanga Gatongora. Angesema hata mswaki ni wetu, ningekubali.

Wiki hiyo hiyo nilitumwa mashambani, mashariki ya Thika. Huko bibi mmoja mzee, shosho kama tunavyowaita, alinipa mkebe wa maharagwe ya zambarau yenye madoadoa meupe, mbegu aliyoachiwa na mamake. Jua lilikuwa limemchomea mazao misimu miwili, akabaki na hizo tu. Nilitaka kiganja kimoja nikapime ugonjwa. "Beba zote," akasema, "usije ukapima mbaya ukaacha nzuri. Lakini mvua ikikaribia uniletee. Wewe mwenyewe." Nikaapa ni wiki mbili tu.

Kurudi kituoni, stoo ya mbegu ilikuwa imefungwa. "Weka tu jikoni," akaniambia jirani yangu wa meza, "hapa tunaaminiana." Nikaweka, mjinga mimi.

Ijumaa tulikula githeri pamoja, mahindi na maharagwe ya kuchemsha. Ilikuwa tamu, sitadanganya. Nilienda sahani ya pili, nikauliza ni nani amepika. Wote wakapiga makofi.

"Mimi," akasema jirani yangu. "Lakini maharagwe ni yako!"

Kumbe mgeni ndiye huleta maharagwe ya Ijumaa yake ya kwanza. Hiyo ndiyo desturi yao, na hakuna hata mmoja aliyekumbuka kuniambia. Waliona mkebe wangu wakafurahi. Madoadoa yalikuwa yamefutika kwenye sufuria, ningejuaje? Nilikimbia jikoni. Mkebe ulikuwa umeoshwa ukang'ara.

Niliwafokea, haki ya Mungu. Watu wana digrii mbili mbili, kazi yao ni mbegu, na hawawezi kuuliza, "Hii ni ya kupika?" Mkuu akaitisha mkutano. "Tusitafute wa kulaumiwa," akasema kwa ile sauti yake laini. "Hili ni kosa letu sote."

"Basi Jumatatu twende sote tukamwambie shosho."

Ngai! Ungeona walivyoinamia simu. Ghafla kila mtu ana ripoti, huyu ana mkutano, yule mtoto wake ana kliniki. Kosa lilikuwa letu sote, safari ikawa yangu. Nina hasira nao hadi ninapoandika haya.

Nilimkuta shambani. Mashimo yalikuwa tayari, mistari imenyooka, mbolea ya ng'ombe ndani ya kila moja. Aliangalia mikono yangu kwanza, kisha uso.

"Shosho, zilipikwa ofisini. Hawakujua ni mbegu."

"Mimi sikupatia ofisi," akasema. "Nilipatia wewe."

Nikaangalia mashimo yake.

"Na wewe ulikula?"

"Nilikula."

"Sahani ngapi?"

"Mbili, shosho."

Akachukua jembe, akaanza kufukia mashimo.