Watasema na Harufu ya Sikio

Mwezi wa tisa mwaka 1994 tulimpoteza mbwa wetu, Watasema. Aliuawa uani kwetu, karibu na Rulenge, mchana kweupe baada ya misa ya Jumapili, kwa kosa la kunuka sikio. Harufu ile naijua mpaka leo. Ilikuwa chachu, kama mtungi wa pombe ya ndizi uliokaa bila kuoshwa, na nyuma yake utamu wa kukirihisha. Jina alipewa na Mama mwaka aliofiwa na Baba, majirani waliponong'ona kwamba mjane anafuga mbwa wakati watoto wenyewe hawajashiba. Mama akasema, vizuri, huyu ataitwa Watasema. Kila alipomwita kwa sauti, kijiji kizima kilisikia.

Wakimbizi wa vita vya nchi jirani walipofika na kambi zikajaa, sisi wenyeji tulipeleka ndizi na kuni tukarudi na unga wa msaada, ule wa njano wenye utamu. Tulikunywa uji wake asubuhi na jioni, na makombo yakawa ya Watasema. Zamani alikula ugali wa mtama, vichwa vya dagaa na mfupa ukipatikana. Baada ya majuma kadhaa ya uji mtamu alianza kutikisa kichwa na kujikuna mpaka damu, na ndani ya masikio kukawa na uchafu mweusi wenye harufu ile. Sikusomea mifugo, na siwezi kuapa kwamba uji ndio uliomponza. Mama ndiye aliyeona hivyo. Akamkatia uji, akamrudishia mtama na dagaa, akamzuia kulala kwenye majimaji ya bomba. Alichemsha maji, akatia chumvi kidogo, akayaacha yapoe mpaka uvuguvugu, kisha akamfuta kwa kipande cha kanga na kumkausha vizuri. Kupe aliwatoa kwa vidole. Jirani alipomshauri amimine maji ya tumbaku, Mama alimjibu, "Anza na sikio lako, shemeji. Ukipona, nitamtilia na mbwa."

Siku zile watu walikuwa na hofu, na hofu hiyo siidharau. Maiti za waliouawa zilikuwa zimepita mtoni kutoka ng'ambo ya mpaka, na ilisemekana mbwa walizila. Lakini mto ule uko mbali na kwetu, safari ya gari, na Watasema hakuwahi kuuona. Mbwa aliyekuwa akilala mlangoni na kusindikiza watoto kisimani angeufikia lini? Hakuna aliyejiuliza. Walinusa, wakasema ananuka watu.

Jumapili ile balozi wetu wa nyumba kumi alikuja na vijana wenye marungu. Nilimwamkia shikamoo, naye akaitikia marahaba kwa upole, kama aliyekuja kuomba maji.

"Mama, mbwa wako ananuka maiti," alisema.

"Ananuka sikio. Na harufu yenyewe imeshaanza kuisha. Sogea unuse."

Alirudi nyuma, kiganja puani. Mama alimnyooshea kile kipande cha kanga alichomfutia mbwa asubuhi, karibu kisafi, akamwambia, "Basi tazama kwa macho." Balozi hakutazama. Vijana wakacheka.

"Mwenyewe ulimwita Watasema," alisema. "Haya, watu wamesema."

Watasema alikuwa akiwatikisia mkia. Sitaandika zaidi ya hapo.

Siku hizi dukani pale Rulenge huuzwa dawa ya matone ya masikio ya mbwa, na bwana mifugo akifundisha watu kumlisha mbwa vizuri, kumkausha masikio na kuyakagua mara kwa mara, wanaitikia kwa vichwa kana kwamba ni habari mpya. Nami nina mbwa. Kila Jumamosi nageuza masikio yake na kunusa, na hata yakiwa hayana kitu, hasira hunipanda upya. Tulikuwa tunamtibu. Alikuwa anapona. Laiti mtu mmoja tu angesogea akanusa sikio.

Mvua za vuli za mwaka ule zilipoanza, balozi alirudi uani kwetu, safari hii bila vijana. Alishika kamba, na mwisho wa kamba alikuwepo mbwa wake, ambaye hakuguswa siku ile kwa sababu, walisema, ni mbwa wa kufungwa, hawezi kufika mtoni. Mbwa alikuwa anatikisa kichwa. Nyumbani kwa balozi nako walikuwa wakinywa uji wa njano. Alipofika karibu niliisikia: harufu ile ile, chachu na utamu wake. Hakuna aliyetamka neno maiti.

"Mama," alisema huku akitazama chini, "yale maji yako ulikuwa unayafanyaje?"

Mama akachochea moto, akateleka sufuria.

"Kwanza mkatie uji," alisema. Akanigeukia. "Na wewe, mwamkie balozi, halafu niletee chumvi."

Chumvi nilileta.