Mama Alipoingia Mahakamani

Duka la Mama Hansa lilinukia vitambaa vipya, ile harufu ya wanga inayokwaruza pua kidogo, na juu yake moshi wa udi wa vijiti aliouchoma kila asubuhi mbele ya picha za miungu yake. Nje, soko la Walthamstow, hapa Landani, lilinukia samaki na giligilani, na wauza matunda walipiga kelele mpaka jioni. Mimi ndivyo ninavyokumbuka. Mama akisimulia husema duka lilinukia dawa ya nondo tu, na huenda yeye ndiye mkweli. Mama Hansa alikuwa Mhindi wa Tanga, Kiswahili chake kitamu kuliko chetu sisi wa Iringa, na majira yale ya baridi, nikiwa na miaka kumi, nilisimama dukani kwake nikipimwa gauni la mwanamke aliyekufa zamani.

Shuleni kila darasa lilipewa mtu wa kale wa Landani limwigize. Sisi tulipata mama mmoja wa enzi za Malkia Victoria. Alikuwa mke wa mchungaji, akaliacha kanisa, akawatetea wasichana wa kiwanda cha viberiti walioozeshwa mataya na fosforasi, na baadaye akaenda India akawa kiongozi wa watu waliotafuta hekima ya kiroho. Jina lake lilitushinda ulimi, kwa hiyo nyumbani tulimwita Mama Viberiti. Nilichaguliwa mimi, nadhani kwa sababu ya sauti, maana Kiingereza changu kilikuwa bado kinachechemea. Sikuwahi kutaka kitu kama nilivyoutaka mchezo ule.

“Viberiti sawa,” Mama alisema pale dukani. Alikuwa akifanya kazi kwenye nyumba ya kutunza wazee, na Jumapili akiimba kwaya. “Wale wasichana hata Yesu angewatetea. Lakini mwanangu avae zile nguo nyeupe za India ahubiri dini ya kujitungia? Hapana.”

Mama Hansa alikuwa na pini mdomoni. “Mama Rehema, si mchezo huo? Krismasi ulikuwa Herode kanisani kwenu. Mbona hukuua mtoto wa mtu?”

Mama alicheka bila kutaka. “Herode kila mtu anajua ni mbaya. Huyu wanampigia makofi!”

Mpaka leo naona hoja ya Mama haikuwa ya kijinga. Basi ikaamuliwa hivi: nitaigiza viberiti na mahakama, kisha nishuke, na maneno ya mwisho, yale ya uongozi wake wa kiroho, mwalimu atayasoma mwenyewe. Nilikubali kwa mdomo. Lakini maneno yale nilikuwa nimekwisha kuyashika yote, nikiyanong’ona bafuni bomba likiwa wazi.

Mahakama ilikuwa hivi: yule mama alinyang’anywa binti yake kwa sababu ya imani zake. Katika maisha yake jambo hilo lilitangulia viberiti, ila mwalimu wetu aliliweka nyuma kwa kuwa linaliza watu. Mama alijua kuna mahakama, ila hakujua kesi yenyewe ilikuwa ya mtoto. Siku ya mchezo alikuja moja kwa moja kutoka kazini na yunifomu yake, akaketi karibu na Mama Hansa. Darren wa darasa letu, aliyekuwa jaji, alivaa nywele za pamba. Akagonga meza, akasema mtoto achukuliwe. Kasichana ka darasa la chini kakavutwa mkononi mwangu, kakalia machozi ya kweli, na mimi nikabaki nimesimama peke yangu.

Kwetu mwanamke aliyefikwa na msiba haachwi asimame peke yake. Wanawake humwendea wakamfunika kanga, na hapaulizwi dini. Tena Mama mwenyewe alikuwa ameniacha kwa bibi yangu Iringa miaka mingi kabla ya kunileta huku, na uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Nilimwona akiinuka, akitoa kanga mkobani, akipita katikati ya wazazi wa watu. Akanifunika mabega. Mama Hansa alikuwa nyuma yake, akihema.

“Wewe kijana!” Mama alimwambia jaji kwa Kiswahili, kidole mbele. “Huyo mtoto ana mama yake!”

Darren Kiswahili hakukijua, lakini kidole alikielewa. Alimtazama mwalimu, mwalimu akatazama dari. “Basi,” Darren akasema kwa sauti ndogo, “arudishiwe.”

Ukumbi ulilipuka. Watu walidhani ndivyo mchezo ulivyoandikwa. Sharti niseme haki: mama yule wa kweli alishindwa kesi. Lakini siku ile, Walthamstow, alishinda, na kale kasichana kalinikumbatia kiunoni kakakataa kuniachia.

Mwalimu akachukua karatasi ili amalizie. Mama hakurudi kitini.

“Wewe unayajua hayo maneno?” aliniuliza.

“Nayajua, Mama.”

Aliikaza kanga mabegani mwangu. “Maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge. Sema. Mimi niko hapa.”

Nikasema, mpaka neno la mwisho, na sauti haikutetemeka. Mama alisimama kando yangu muda wote, mikono kifuani, uso wa mtu asiyekubali hata sentensi moja, wala hakusogea. Nilipomaliza, yeye ndiye aliyeanza kupiga makofi.

Shule niliiacha mapema, sasa naendesha basi, na sijui kama nimemwelewa yule mwanamke. Mengine aliyofundisha hayaniingii. Hapo mimi ni mtoto wa Mama. Mama naye hajabadilika, ukimuuliza atakwambia ile dini ni ya kujitungia. Siku hizi sisi wa hapa Landani tukitofautiana, mtu anajitoa kwenye kundi la simu kabla hujamaliza kuandika. Labda nasi zamani tulikuwa hivyo hivyo, ila simu hazikuwepo. Lakini mimi nilipata mtu wa kusimama kando ya maneno asiyoyaamini, ili mwanawe ayamalize.